Garimoshi lisilo na jina

Safari hii sikwenda Morogoro kula mananasi wala kupanda kilele cha Bondwa. Nilifuata garimoshi la zamani. Usicheke msomaji, nisikilize kwanza.

Nilishuka kwenye treni ya umeme, hii ya SGR iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar mwaka 2024. Nikainua macho, milima ya Uluguru hiyo imevaa kofia ya mawingu. Papo hapo nikakumbuka kisa cha Nairobi.

Kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi wametunza vichwa viwili vya garimoshi aina ya Garratt, Gelai na Shengena. Vilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja uzito wake zaidi ya tani 250, na karibu vyote vilipewa majina ya milima yetu. Namba 5931 kiliitwa Milima ya Uluguru. Namba 5926 kikaitwa Kimhandu, kilele cha Uluguru chenye urefu wa zaidi ya mita 2,600.

Sasa kituko chenyewe: vilikuwa vizito mno, kazi yake ikawa njia ya Mombasa na Nairobi. Uluguru haikufika Morogoro! Nikajiuliza, je, kile kilichovuta utajiri wa Mji Kasoro Bahari ni kipi?

Jibu ni kigarimoshi cha shamba la mkonge. Mkonge uliletwa na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapona 62 tu. Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907, mashamba yakapata njia ya kwenda bandarini.

Babu yangu mzaa baba alikuja na reli hiyo hiyo kutoka Kigoma, akiwa manamba. Hakurudi tena kwao.

Nje ya mji, upande wa barabara ya Dar, nilimkuta mzee mmoja chini ya mwembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kununua kiwanja?"

"Hapana babu, natafuta garimoshi."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanisogezea kigoda.

"Kalikuwa kadogo," akasema, akipima kwa mikono upana wa reli. Ni sentimita 60 tu. Reli ya Kati ni mita moja na SGR karibu mita moja na nusu. "Kanakula kuni, kanatema cheche, kanavuta matoroli ya majani mpaka korona. Sisi watoto tunadandia nyuma, nyapara anatufukuza!"

Korona, kwa asiyejua, ndiyo mashine ya kukwangua majani zibaki singa. Katika kilo 100 za majani unapata kama kilo nne tu za singa, zilizobaki ni maji na makapi. Tena jani likishakatwa halisubiri, likikauka linasumbua mashine. Ndiyo maana mashamba yalitandaza reli hadi katikati ya mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000 za singa. Baadaye matrekta yakachukua kazi ya vigarimoshi, kamba za nailoni zikauangusha mkonge sokoni, na reli zikang'olewa.

"Kalikuwa na jina, babu?"

Akanitazama kama nimeuliza la kitoto. "Jina la nini? Sisi wenyewe tulikuwa namba."

Nikanyamaza. Namba ya babu yangu siijui.

Mzee akanyanyuka na mkongojo wake, akanipeleka shule ya msingi ya jirani. Kwenye mti kilining'inia kipande cha reli nyembamba, kimeliwa na kutu. Ndiyo kengele yao.

"Wenye mizani walikuja kununua chuma chakavu wakabeba kila kitu," akasema. "Hiki nilikishika kwa mikono miwili. Sasa nasikia kamati inataka kengele ya umeme, hiki kiuzwe kwa kilo."

Mtoto akaja mbio na nondo, akagonga. Ngaa! Ngaa! Watoto wakamwagika uwanjani.

"Hivyo hivyo," mzee akasema taratibu. "Ilivyokuwa ikituamsha saa kumi na moja alfajiri."

Nilimwomba mwalimu zamu kipande kile kisiuzwe, kiandikiwe kibao: reli ya mkonge, ilibeba watu wasiotajwa. Akasema atalifikisha kwenye kamati. Nitarudi kuangalia.

Nawe msomaji, kama shuleni kwenu kuna kengele ya reli, muulize mzee wa jirani ilitoka wapi. Muulize leo, kabla hajaja mwenye mizani.