Kutoka Mezani Hadi Mizingani: Safari ya Unyanyembe

Mtu atokaye pwani kwa gari la moshi akashuka Tabora huwa amepita kwa raha njia ambayo wazee waliipita kwa miguu miezi mingi. Reli ilifika hapa mwaka 1912. Kabla yake misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikashika njia ya Ujiji. Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakakirimiwa na Sheikh Snay bin Amir. Na mwaka 1872 Livingstone alikaa katika tembe ya Kwihara, akingoja wapagazi kwa miezi. Njia hiyo ilipitisha pembe na nguo. Na kwa masikitiko, ilipitisha pia wanadamu waliofungwa minyororo.

Ama mimi, nilikuja kutafuta kazi nyingine. Kwa miaka tisa niliandika programu za kompyuta katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Mshahara ulikuwa mwema, walakini usingizi ulinitoka, na watoto wangu walizoea kuniona mgongo tu. Mjomba wangu wa Tabora, mrina asali, alipozeeka hata asiweze kupanda mti, nilimshauri mke wangu tuhamie huko. Akaniuliza, “Mume wangu, na karo ya watoto?” Sikuwa na jibu. Tukaafikiana kula akiba yetu kwa misimu miwili. Nikishindwa, nitarudi mezani.

Msimu wa kwanza nilitundika mizinga ishirini ya mbao, nikawa naifungua kila mara kuitazama, kama nilivyozoea kukagua kazi katika kompyuta. Nyuki wengine wakahama, na mizinga mingine ikaingiliwa na siafu. Nilipata ndoo moja tu. Usiku ule mjomba aliniambia, “Mpwa wangu, nyuki hana karani wa kumsimamia. Mwandalie nyumba, kisha mwache afanye aliloamrishwa na Mola wake.” Hapo ndipo nilipokumbuka Suratun-Nahl, niliyoihifadhi chuoni tangu utoto bila ya kuifikiri.

Msimu wa pili sikuutupa ujuzi wangu wa zamani. Niliandika daftarini habari za kila mzinga: mti wake, siku ulipoingia nyuki, na umbali wake na maji. Ikadhihirika kwamba mizinga iliyohamwa ilikuwa mingi mbali na kijito, nami nikaisogeza. Mjomba, aliyetumia mizinga ya magome maisha yake yote, alilitazama daftari akacheka; kisha akakiri kwamba mti uliochunwa gome pande zote hufa, na kwamba miti aliyoichuna ujanani haipo tena. Miombo mingine hukatwa kwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Miti ikiisha, nyuki watakwenda wapi, nasi tutarina nini?

Sitawaficha: mapato yangu ni pungufu kuliko mshahara wa zamani. Karo ya mwaka huu imelipwa kwa asali na nta, lakini gari tumeliuza. Hata hivyo, watoto sasa wananijua uso, na kabla ya mvua kunyesha, majani machanga ya miombo yakitoka mekundu, hunikumbusha neema nisizozihesabu nilipokuwa mjini.

Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikwenda pwani wakati wa kiangazi, wakarejea kulima mvua zilipokaribia. Ujira wa safari haukuwafanya walisahau jembe, wala jembe halikuwazuia safari. Basi kijana mwenye kutamani kutoka ofisini asitoke kwa hasira. Na akae kwanza na wajuzi, aweke akiba, na ashauriane na watu wa nyumbani mwake. Wala asidharau alichojifunza huko nyuma, kwani huenda kikamfaa porini.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na afya ya kuichuma. Amin.