Majani ya Kiangazi

Wewe mfugaji unajua kwamba mvua zikikatika ng'ombe hukonda. Maksai aliyekuwa mnene mwezi wa Mei, ifikapo Oktoba mbavu zake zinahesabika. Mnunuzi wa mnadani anajua hivyo pia, naye hungoja.

Huko Mpwapwa, mkoani Dodoma, wataalamu walichanganya ng'ombe wetu wa asili na mbegu za Bara Hindi, kama Sahiwal, wakapata ng'ombe wa Mpwapwa. Ni kazi nzuri. Lakini kwangu mimi malisho hutangulia mbegu. Ng'ombe bora asiyekula hukonda kama wengine.

Basi kata majani yanapoanza kutoa maua. Wengi wetu hungoja mpaka yarefuke na kukauka. Huonekana mengi, lakini chakula cha kujenga mwili kimekwisha pungua ndani yake. Yaanike juani siku mbili au tatu huku ukiyageuza, kisha yaweke kwenye uchaga, chini ya paa. Yakiwekwa mabichi yataota ukungu.

Je, una shaka? Fanya utafiti wako mwenyewe. Chagua maksai wawili walio sawa. Mmoja mpe majani hayo kila jioni, kiangazi chote. Mwingine aende machungani tu. Kila mwezi wazungushie kamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Halafu ipime kamba kwa rula, uandike sentimita zake katika daftari lako.