Chekereni: Upe Mlima Mgongo

Karibu kila anayefika Moshi hutazama kaskazini. Macho hukitafuta Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabla begi halijashushwa garini, na wingu likiufunika mlima, mgeni hununa kana kwamba ameibiwa. Chekereni ina adabu nyingine. Kijiji hiki kiko tambarare, kusini-mashariki mwa mji, pale mlima unapokwisha na maji yake yanapoanza kazi.

Mchana, sifa ya Chekereni ni mpunga. Maji ya mito ya Njoro na Rau hufika kwa mifereji ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, kisha hugawanywa jaruba kwa jaruba. Hapa ndipo kilipo chuo cha kilimo cha KATC, ambako wakulima wa mikoa mingine wamekuja kujifunza kusawazisha shamba na kupandikiza miche kwa mistari. Pita asubuhi juu ya tuta: huku miche imesimama kijani kibichi, kule pawatila inavuruga tope na yangeyange wanaifuata wakidonoa.

Lakini usiondoke jioni. Njoo Januari, mvua za vuli zikishapungua, usiku usio na mwezi. Inapofika saa mbili, Kilimia, zile nyota ambazo wakulima wa kale walizitumia kupangia msimu, zimesimama kaskazini juu ya mlima. Taa za mji nazo ziko upande huohuo. Geuka basi, uupe mlima mgongo. Kusini, kuelekea Nyumba ya Mungu, hakuna mlima wa karibu wa kukuzibia anga. Suheli, nyota ya manahodha wa pwani, inang'aa chini kushoto. Itafute nyota ya Acamar kwa ramani ya nyota ya simu, nyoosha mkono, pima vidole vitatu kwenda juu kushoto, kisha elekeza darubini hapo.

Nilikuwa nimeinama hivyo babu mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake ya maji aliponisogelea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kijana, mlima uko nyuma yako."

Nikampisha achungulie. Akatazama kwa muda, akasema, "Mbona ni ukungu tu?"

Ukungu ule ni galaksi NGC 1316, ambayo James Dunlop aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1826 akiwa Parramatta, Australia. Iko pembezoni mwa kundi la galaksi la Fornax. Umbo lake ni la lenzi: imevimba katikati, kingo ni bapa, na haina mikono iliyojizungusha kama ya Njia ya Maziwa yetu. Hata miongoni mwa galaksi za umbo hilo, hii ni ya ajabu. Moyoni mwake imepitiwa na michirizi ya vumbi, na nje imezungukwa na vitanzi na mikia ya nyota, masalio ya galaksi ilizozimeza. Katikati kuna shimo jeusi, na pande zake mbili yametanda mawingu makubwa yanayotoa mawimbi ya redio kwa nguvu kiasi cha kuifanya iwe miongoni mwa vyanzo vikali zaidi angani. Afrika Kusini wanaichunguza kwa MeerKAT, mtambo wenye antena 64.

Mwanga tuliouona ulianza safari miaka ipatayo milioni 60 iliyopita. Volkano ya Kilimanjaro ilianza kulipuka takriban miaka milioni 2.5 iliyopita. Mwanga ulipoondoka kule hapakuwa na Kibo, Mawenzi wala chemchemi ya Njoro.

"Kumbe mlima ni mtoto," babu akasema, akichukua jembe lake. "Lakini mtoto huyu anatuletea maji."

Sijasikia sifa ya Kilimanjaro iliyopimwa vizuri kuliko hiyo, na imetoka kwa mtu aliyesimama majini. Kule Marangu na Machame, wanakoanzia wapanda mlima, kuna malango na ada. Chekereni omba ruhusa ya mwenye shamba, tembea juu ya tuta bila kukanyaga miche, na vaa mikono mirefu, maana mbu wa majarubani hawana habari na galaksi. Darubini ndogo inatosha. Mlima utauona asubuhi.