Tanga, Kabla Mtoto Hajaenda Bweni

Akina mama wenzangu, kwa miaka mingi likizo yangu ya uuguzi imeishia misibani na shambani. Desemba iliyopita kitinda mimba wetu alikuwa akijiandaa kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Baba yake akasema, "Mama watoto, safari hii twende Tanga." Nikahesabu nauli, nikaguna, nikakubali.

Wenyeji husema, "Waja leo, waondoka leo." Sisi tulikaa siku tatu.

Siku ya kwanza tulizitazama meli. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari. Sasa bandari imeongezwa kina, nazo hufunga gatini. Reli ya kwenda bara ilianza kujengwa hapa mwaka 1893. Mbele ya mji kipo kisiwa cha Toten, chenye magofu ya misikiti ya kale.

Kesho yake, maji yalipokupwa, mvuvi mmoja mzee alitupeleka kwenye mikoko. Alituonyesha mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli ili ipate hewa. Kamba na samaki wachanga hujificha humo mpaka wakue. Mbegu ya mkoko nayo huota ingali juu ya mti mama, hurefuka, ndipo hudondoka.

"Ikichukuliwa na maji je, babu?" mwanangu aliuliza.

"Itashika mizizi huko itakakofika."

Mtoto alinyamaza. Baadaye akaninong'oneza, "Mama, naogopa kwenda bweni."

Nilikuwa nimemnunulia godoro, ndoo na sanduku. Kumwuliza moyo wake, sikuwahi. Tuliketi kando ya ngalawa mpaka maji yakajaa. Baba yake akasimulia alivyolia usiku wake wa kwanza bwenini, jambo ambalo hata mimi mkewe sikuwahi kulisikia.

Mama, ukienda Tanga, uliza kwanza saa za maji kupwa na kujaa. Vaeni viatu, maana tope huficha magamba yanayokata nyayo. Bebeni maji safi ya kunywa, na msikate mikoko.

Januari mwanangu aliondoka akilia, nami nililia. Lakini nilikijua anachokiogopa, naye alijua kwamba ninajua.