Mapambo ya Pasaka kwa Fedha Kidogo

Katika miji yetu iliyouzunguka Mlima Kenya, yaani Nyeri, Karatina, Nanyuki na Kerugoya, Krismasi hupokewa kwa shangwe na mapambo mengi. Hata mtu asiye na kitu hukata tawi la mti akalisimamisha nyumbani mwake. Lakini Pasaka, ambayo wahubiri wote hutuambia kwamba ndiyo sikukuu iliyo kuu kwa Wakristo, huja na kupita kama Jumapili nyingine, ila tu ofisi hufungwa Ijumaa na Jumatatu. Mimi mwenyewe nalikuwa mmoja wa watu wasioijali, mpaka mwaka 2024. Nataka kuwaeleza wasomaji mambo tuliyoyafanya mwaka ule kwa fedha kidogo sana, na jinsi sinia moja la udongo lilivyotusaidia kuliko nilivyotazamia.

Baba yangu alifariki mwezi wa Desemba 2023, baada ya kuugua miezi mitatu. Kila mwenye familia ajua maana yake: gharama za matibabu, gharama za maziko, na madeni ambayo hayalali. Ilipofika Machi, mshahara wangu ulikuwa umekwisha gawanywa kabla sijaupokea. Ndipo binti yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka tisa, aliponiuliza kama tungeweza kununua mayai ya rangi aliyoyaona katika duka moja mjini Nyeri. Nilikwenda kuyatazama. Yalikuwa mayai sita ya plastiki, matupu ndani, na bei yake shilingi 350. Mke wangu aliniambia, "Baba watoto, kwa fedha hiyo nitanunua mayai ya kweli, nao watayala." Neno hilo lilimaliza shauri, nasi tukaanza kutafuta njia nyingine.

Binti yangu alitaka nilete karatasi nyeupe kutoka ofisini. Nilimkatalia, maana karatasi za ofisi si mali ya karani, hata ikiwa moja tu na hata ikiwa kwa ajili ya sikukuu. Badala yake tulikusanya magazeti ya zamani na majalada ya madaftari yaliyokwisha. Gundi tuliipika wenyewe: vijiko viwili vya unga wa ngano katika kikombe cha maji baridi, ukakorogwa mpaka madonge yakaisha, kisha ukawekwa juu ya moto mdogo mpaka ukawa mzito kama uji. Gundi hiyo hushika karatasi vizuri, lakini yafaa itumiwe siku ile ile au ya pili yake, kwani huchacha.

Sasa nieleze habari ya mayai. Tulikwenda sokoni tukawaomba akina mama wauzao vitunguu watupe maganda makavu, ambayo wao huyatupa. Walicheka, lakini walitupa mfuko mzima. Maganda ya vitunguu kumi au zaidi huchemshwa katika sufuria kwa dakika ishirini, na maji yake huwa mekundu ya kahawia. Ongeza kijiko kimoja au viwili vya siki, ili rangi ishike, kisha tia mayai yaliyooshwa uyachemshe humo. Wenzetu wakaao pwani wasistaajabu nikisema kwamba huku kwetu yai huhitaji muda mrefu zaidi. Mji wa Nyeri uko juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,700, na maji hapa huchemka kwenye joto la digrii 94 hivi, wala si 100. Sisi huyaacha dakika kumi na tano. Mayai ya kienyeji, kwa kuwa yana rangi ya maziwa au kahawia, hutoka mekundu sana. Mayai meupe waweza kuyatia manjano ya binzari, au waridi kwa maji ya kiazisukari chekundu.

Ukitaka picha juu ya yai, chukua jani dogo, kama la giligilani au la karoti, ulilaze juu ya yai bichi, ulifunge kwa kitambaa chepesi na uzi, kisha ulichemshe pamoja na maganda. Ukilifungua, mahali pa jani pamebaki peupe. Watoto wangu hawakuamini macho yao. Mayai hayo yaliwe siku ile ile, au yahifadhiwe mahali pa baridi. Yasiachwe mezani kutwa nzima kisha wakapewa watoto.

Mwenzangu mmoja ofisini ni mwamini wa Kanisa la Orthodox, ambalo lina waumini wengi na dayosisi yake hapa Nyeri na Mlima Kenya. Nilipomwambia habari hiyo alinieleza kwamba kwao mayai mekundu si mchezo wa watoto, bali ni desturi ya kanisa tangu kale. Rangi nyekundu ni ukumbusho wa damu ya Kristo, na ganda lililofungwa ni mfano wa kaburi, ambalo huvunjwa siku ya ufufuo. Wao huhesabu tarehe kwa kalenda ya kale, hivi kwamba mwaka 2024 sisi tulisherehekea tarehe 31 Machi nao wakasherehekea tarehe 5 Mei. Tangu siku hiyo siwezi kusema kwamba yai la Pasaka ni jambo la Ulaya tu.

Baada ya mayai tulifanya misalaba. Kando ya mito yetu huota mti tuuitao mukindu, yaani mtende wa porini, ambao majani yake wanawake huyatumia kusukia. Chukua ukindi mmoja wenye urefu wa mkono na upana wa kidole, na mwingine nusu yake. Ule mfupi uulaze juu ya mrefu kwa njia ya kukingama, uukunje mrefu kupitia juu yake mara mbili, kisha ufunge katikati kwa uzi wa jani lile lile. Asiye na mukindu atumie magome makavu ya mgomba, baada ya kuyalowesha majini kwa saa moja ili yasivunjike. Maua tuliyafanya kwa maganda ya ndani ya mahindi makavu, yaliyokatwa mfano wa petali na kufungwa juu ya kijiti. Wako watu wapambao nyumba kwa yale maua meupe mfano wa tarumbeta yaotayo kwenye mifereji. Ni mazuri kweli, lakini utomvu wake huwasha kinywa na ni sumu, kwa hiyo watoto wadogo wasiachwe kuyachezea.

Jambo la mwisho ndilo bustani ya Pasaka. Hufanywa katika sinia kuukuu au kifuniko cha debe. Tia udongo wenye kina cha vidole vitatu, panga mawe madogo upande mmoja yawe kaburi, na jiwe moja la mviringo liwe mlangoni. Simamisha misalaba mitatu ya vijiti juu ya kilima kidogo, funika kwa kuvu ya kijani itokayo kwenye miti, kisha panda mbegu mahali palipobaki. Mbegu zikipandwa siku kumi au kumi na mbili kabla ya sikukuu, siku ya Pasaka bustani itakuwa imechipua. Ngano na ulezi hufaa, na maharagwe pia.

Hapa ndipo hadithi yangu inapogeuka. Jumapili ya tarehe 17 Machi tulikuwa tumekwenda kumwamkia mama yangu, ambaye hukaa kijijini karibu na Karatina. Mvua ndefu zilikuwa zinakaribia, na majirani walikuwa wamekwisha lima. Shamba la baba lilikuwa na magugu. Nilipomwuliza mama juu ya kupanda, alinijibu, "Baba, mbegu zimekufa." Yeye huniita hivyo kwa kuwa mimi ni mwanawe wa pili, nami nilipewa jina la baba yake kwa desturi ya Wagikuyu. Alinionyesha kibuyu cha maharagwe ambayo marehemu aliyachagua kwa mkono wake baada ya mavuno ya mwaka 2023. Tangu alipougua hakuna aliyeyaangalia. Juu yake palikuwa na vumbi na punje kadhaa zilizotobolewa na wadudu. Nilisema nitanunua mbegu nyingine, lakini sote wawili tulijua kwamba fedha haiko. Tena niliona kwamba shida yake haikuwa mbegu peke yake. Kila mwaka baba ndiye aliyepanda mstari wa kwanza, na mama hakutaka kuuona mwaka ambao mstari huo umepandwa na mtu mwingine.

Binti yangu aliomba punje chache kwa ajili ya bustani yake. Mama alimpa, akasema, "Chukua, hata zisipoota hazitakudhuru." Tukachagua punje ishirini zisizo na tundu. Jumatano, tarehe 20 Machi, watoto walizipanda katika sinia, nao wakalinywesha maji kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Kwa siku sita hapakuonekana kitu. Siku ya saba udongo ulipasuka. Ijumaa Kuu binti yangu alihesabu machipukizi kumi na sita.

Siku ya Pasaka tulilibeba sinia lile ndani ya matatu mpaka Karatina, nami nililipakata magotini, na abiria wenzangu walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Tulimkuta mama amekaa mlangoni. Watoto walimpa mayai mekundu na msalaba wa mukindu, naye akashukuru kwa adabu, kama mtu anayepokea zawadi za wageni. Kisha binti yangu akaliweka sinia mbele yake akamwambia, "Cucu, hizi ni zile mbegu za Guka." Mama aliinama akaanza kuhesabu kwa kidole, moja moja, mpaka kumi na sita. Akarudia tena. Kisha akaingia ndani, akaleta kibuyu, akamimina maharagwe yote juu ya ungo. Chini kabisa palikuwa na jivu jingi. Baba alikuwa ameyachanganya na jivu kabla ya kuugua, ndiyo sababu wadudu walikuwa wameharibu ya juu tu. Mama alishika jivu lile mkononi kwa muda mrefu bila kusema neno, na sisi tukanyamaza pia.

Jioni alituketisha kuchagua punje njema na mbovu. Jumatatu ya Pasaka, ambayo mimi huwa nalala mpaka saa nne, nilikuwa shambani saa moja asubuhi na jembe mkononi, pamoja na mke wangu na watoto. Magugu tuliyang'oa mpaka mikono yangu ya karani ikatoka malengelenge. Mchana mama alichimba shimo la kwanza la mstari wa kwanza, akampa binti yangu punje azitie. Kwa kuwa katika kila ishirini nne hazikuota, tulipanda punje tatu shimoni badala ya mbili. Mwaka ule mvua ilikuwa nyingi kupita kiasi, hata ikaleta mafuriko sehemu nyingi za Kenya, na sehemu ya bondeni ya shamba letu ilioza. Lakini ya juu yalikomaa, na mwezi wa Julai mama alijaza kibuyu tena, akatia jivu mwenyewe.

Wasomaji wengine watasema kwamba kujaribu mbegu kabla ya kupanda ni shauri la mabwana shamba wala si la Pasaka. Nakubali kwamba mabwana shamba wametufundisha hivyo siku nyingi, nasi hatukufanya. Lakini fikirini jinsi tarehe ya Pasaka ihesabiwavyo. Katika shule ya sekondari ya misheni nilifundishwa kwamba ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake, hivi kwamba haiwezi kuja kabla ya tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Katika nchi za baridi huo ndio wakati theluji inapoyeyuka na maua kutokea, ndiyo maana mapambo yao ni maua na vifaranga. Huku kwetu ni wakati wa mvua ndefu, wakati wa mtu kuitupa udongoni mbegu ambayo angeweza kuila. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mfano wa punje ya ngano inayoanguka ardhini. Basi hatuna haja ya kununua mapambo ya majira ya watu wengine, iwapo majira yetu yanatupa yetu.

Kwa faida ya wale wapendao hesabu, nataja kwamba siki, binzari, uzi na mshumaa mmoja havikufika shilingi 150. Mayai sihesabu, maana tuliyala. Mwenye watoto na aanze mapema, akusanye maganda ya vitunguu tangu Kwaresima, na siku kumi na mbili kabla ya sikukuu apande mbegu ishirini katika sinia. Azihesabu punje anapozipanda, na azihesabu tena zitakapoota.