SPOKETI INAYOCHEZA



Leo nazungumzia spoketi ya nyuma ya pikipiki. Najua wapo watakaosema Ustaadh ameishiwa mada. Lakini vijana wengi wanaonifuata humu kutoka Bariadi, Maswa, Lamadi na Lagangabilili wanakula kwa pikipiki, na waliobaki wanazipanda kwenda sokoni, kwenda kliniki, kwenda msikitini. Basi vumilieni, someni mpaka mwisho.

Pikipiki yangu ni ya Kichina, ya zamani, ya umbo lile lililoanzia kwa Honda CG125 ya miaka ya 1970. Honda waliitengeneza ile wakijua inakwenda kwenye nchi ambazo mtu haigusi pikipiki yake mpaka igome, ndiyo maana injini yake ni sahili na mvumilivu. Na cheni yake waliifunika yote, juu na chini. Sasa nenda kijiweni chochote hapa mjini unihesabie pikipiki ngapi zimebaki na kava kamili. Kava likianza kugonga linatolewa, linatupwa nyuma ya banda, na cheni inabaki uchi. Udongo wetu wa mbuga mnaujua. Kiangazi ni vumbi, mvua ikinyesha ni gundi nyeusi inayojaa mpaka tairi linakataa kuzunguka. Ongeza hapo gunia la pamba nyuma, au abiria wawili na dumu la mafuta. Mzigo wote huo unavutwa na cheni moja, na cheni inavuta kile kisahani chenye meno tunachokiita spoketi.

Mwaka jana ya kwangu ilianza kugonga. Nikiachia klachi nasikia "ko!" nyuma, kama mtu amepiga sufuria kwa mwiko. Nikipunguza mafuta, "ko!" tena. Nilikuwa natoka Nkololo kufundisha, nikasimama kwa vijana wa ufundi barabarani. Kijana mmoja akapiga magoti, akashika spoketi, akaitikisa, akasema, "Ustaadh, nati zimelegea hizi." Akatoa spana, akazikaza zote nne mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mwenzake akashauri wazichomelee kabisa ili zisilegee tena milele.

Namshukuru Allah kwamba palikuwa na mzee mmoja pale, fundi wa siku nyingi, amekaa pembeni anakunywa uji. Akamwambia yule kijana, "Ng'wanawane, umekaza nini? Itikise tena." Akaitikisa. Spoketi ikacheza vilevile.

Hapo ndipo penye somo lenyewe, na nitalieleza taratibu kwa sababu wengi tunakosea hapa.

Kwenye pikipiki za aina hii, spoketi haijafungwa moja kwa moja kwenye habu ya tairi. Kuna pini nne. Upande wa nje pini zinashika spoketi kwa nati nne, na chini ya nati pana vibati vya kukunja ili nati zisijifungue. Upande wa ndani pini zile zinaingia kwenye bushi za raba zilizokaa ndani ya habu. Raba hizo ndizo zinazomeza mshtuko ukibadili gia au ukipita shimo. Halafu kuna ringi kubwa ya chuma, imekaa kwenye mfereji uliochongwa kwenye habu, na nyuma yake pana washa pana. Ringi hiyo ndiyo inayozuia spoketi isiyumbe na kutoka pembeni.

Kwa hiyo nati inabana pini na spoketi, basi. Raba ikiwa imekwisha, au mfereji wa ringi umelika, unaweza kukaza nati mpaka zikatike na spoketi itaendelea kucheza. Na ukizichomelea umejifungia mlango, maana siku ya kubadilisha raba utakata kwa tindo.

Mzee akatuonyesha namna ya kutafuta ugonjwa. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gia iwe huru. Kwanza shika tairi lenyewe, mkono mmoja juu na mmoja chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, hiyo ni beringi ya tairi, usiisingizie spoketi. Likitulia, shika spoketi uizungushe mbele na nyuma huku tairi umelizuia. Kucheza kidogo kwa namna hiyo ni kawaida, raba inafanya kazi yake. Ikicheza sana na kugonga chuma kwa chuma, raba zimekwisha. Mwisho ivute spoketi kuelekea kwako na uisukume. Ikiyumba kama sahani juu ya meza mbovu, hapo ni ringi, washa, au mfereji wake.

Ya kwangu ilikuwa na yote mawili. Tairi likatolewa, vibati vikakunjuliwa, ringi ikatolewa kwa koleo, spoketi ikavutwa. Raba zilitoka zimekauka, moja imepasuka vipande viwili. Na ndani ya tundu moja tukakuta nini? Kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekunjwa vizuri na kusokomezwa kujaza nafasi. Fundi fulani, siku fulani, alipokea pesa ya raba mpya akaweka tyubu. Simjui ni nani na sitaki kumjua. Ila yeye anajua, na Mola wake anajua.

Niliporudi nyumbani usiku nikaifungua Surat Sabai, aya ya 10 na ya 11. Mnakikumbuka kisa cha Nabii Daudi, amani iwe juu yake, jinsi Allah alivyomlainishia chuma akawa anafuma deraya. Aliamrishwa atengeneze deraya pana, na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Nabii mfalme, mwenye Zaburi, anaelekezwa namna ya kuunganisha pete za chuma! Na Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alieleza maana yake kwa lugha ambayo fundi yeyote wa Bariadi ataielewa: usiufanye msumari mwembamba ukacheza ndani ya pete, wala usiufanye mnene ukaipasua pete. Nilisoma maneno hayo nikiwa na grisi kwenye kucha. Msumari unaocheza ndani ya pete ndiyo pini inayocheza ndani ya raba, na pete inayopasuka ndiyo nati iliyokazwa kwa hasira.

Kipimo hicho kinakwenda mpaka kwenye cheni. Vijana wengi spoketi ikigonga wanakimbilia kuvuta cheni ikaze kama waya wa gitaa. Cheni iliyokazwa sana inaua beringi, inararua raba, inakula meno. Ikilegea sana inaruka. Katikati ya cheni, upande wa chini, iache icheze kama sentimita 2 hadi 3, na uzungushe tairi upime mahali inapokaza zaidi, kwa sababu cheni haikazi sawa kote. Alama za pande mbili kwenye uma wa nyuma zilingane, la sivyo tairi linakaa upande na spoketi inaliwa ubavuni. Kilipu cha cheni, upande uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda. Na meno yakishachongoka na kulalia upande mmoja, badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyolala ni pesa iliyotupwa barabarani.

Sasa swali ambalo nimeulizwa faraghani na kijana wa bodaboda, nami naona ni la wengi. Anaendesha pikipiki ya tajiri kwa hesabu ya kila siku. Spoketi inacheza. Tajiri anasema, "Wewe ndiye unayeiendesha, tengeneza." Kijana hana. Je, aendelee kupakia?

Nimemjibu hivi. Katika kukodisha, kinachofanya chombo kitumike ni juu ya mwenye chombo. Raba, ringi na meno yaliyochakaa kwa kazi ya kawaida ni yake. Aliyekodi mkono wake ni mkono wa amana; analipa alichokiharibu kwa uzembe au kwa kuvuka mipaka, mfano amekatazwa kubeba magunia akabeba. Ile mikataba ya "mwaka mmoja halafu inakuwa yako" ina mjadala wake, siingii leo. Mwenye chombo na dereva wakae, waandike nani ananunua nini kabla spoketi haijaanza kucheza.

Ama kupakia abiria huku unajua spoketi inayumba, hapana. Cheni ikiruka kwenye mwendo inaweza kujisokota na kufunga tairi la nyuma, na aliyekaa nyuma ni mama aliyembeba mtoto mgongoni ambaye hajui lolote kuhusu raba wala ringi. Na ukitaka kuiuza, Mtume swallallahu alayhi wasallam ametufundisha kwamba si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu bila kumbainishia. Mwambie mnunuzi: spoketi inacheza, itikise uone. Atapunguza bei. Mwache apunguze.

Yangu iliwekwa raba mpya, washa na ringi mpya, mfereji ulikuwa bado mzima alhamdulillah. Ungekuwa umelika ningetafuta habu nyingine. Mzee akanikunjia vibati juu ya nati, akaniambia nirudi baada ya siku tatu azikague, kwa kuwa raba mpya hujikalisha. Nikarudi. Mbili zilihitaji robo mzunguko.