Samli ya Mzazi

Samli haitaki haraka. Huku kwetu Mbulu maziwa huachwa ndani ya kibuyu mpaka yagande, kisha husukwasukwa hadi siagi ijitenge na mtindi. Mithali 30:33 inaitaja kazi hiyo, ingawa pale ni katika kuonya juu ya hasira. Siagi huoshwa kwa maji baridi na kubandikwa kwenye moto mdogo. Mwanzoni hutoa povu na kelele, kwa kuwa maji yaliyomo yanachemka. Kelele zikitulia na mashapo ya chini yakianza kuwa ya kahawia, huipuliwa upesi yasije yakaungua, kisha huchujwa. Kilo moja ya siagi hutoa kama gramu 800 za samli. Kinachopungua ni maji na mabaki ya maziwa, na hivyo ndivyo huharibu siagi mapema. Samli safi iliyofunikwa vizuri hukaa miezi mingi.

Kwa sababu hukaa, huandaliwa mapema. Mama akiwa mjamzito hutengewa chombo cha samli, ili akijifungua atiliwe kwenye uji apate nguvu.

Sisi wawili, mchungaji na mke wake, tulitengewa chombo hicho tulipotarajia mtoto wetu wa tatu. Ilikuwa ndoo ndogo ya lita tatu. Akina mama wa usharika waliijaza kidogo kidogo, kila nyumba kwa uwezo wake. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, na hakumaliza siku moja. Tulirudi kutoka hospitali mikono mitupu, tukaikuta ndoo jikoni, imejaa. Tulizungumza juu ya kuirudisha. Tuliona kama imewekwa kwa ajili ya furaha ambayo haikufika.

Washarika wenye umri mkubwa wanaikumbuka metimani, desturi ya zamani ya Wairaqw iliyomtenga mama aliyeharibikiwa na mimba au kufiwa na mtoto mchanga, asishirikiane chakula na majirani. Wengi tumeiacha, lakini woga wake hautoki kwa siku moja. Siku za kwanza watu walisimama uani, wakatoa pole, wakaondoka bila kuketi.

Siku ya nne walikuja bibi watatu wa usharika. Hawakubisha sana, waliingia moja kwa moja hadi jikoni.

"Mama Mchungaji," alisema mkubwa wao, "ulibeba mimba, ukashikwa na uchungu, ukazaa. Wewe ni mzazi. Samli hii ni yako."

Wakapika uji wa mtama, wakatia samli, wakamimina vikombe vinne. Wakaketi kando ya kitanda, wakanywa pamoja naye. Alikunywa huku akilia, wala hakuna aliyemwambia anyamaze. Walirudi kila asubuhi mpaka ndoo ikaisha.

Chuoni tulijifunza kwa Luther kwamba haki ya Mungu hupokelewa kwa imani, wala si malipo ya matendo. Tumeihubiri miaka mingi. Kwa uji ule tuliielewa kwa njia nyingine. Samli iliandaliwa kabla ya yeyote kujua mambo yatakuwaje, na mambo yalipokuwa mabaya haikuondolewa. Neema ya Mungu iko hivyo. Hatusemi kwamba Mungu alimchukua mtoto ili atufundishe jambo. Swali la kwa nini bado tunalo, nasi hatutaki kulitungia jibu.

Siku hizi usharikani kwetu kila mjamzito hutengewa samli, aliyeolewa na asiyeolewa, na hakuna anayenyang'anywa kwa sababu ya msiba. Wapendwa, nyumba ya jirani ikifiwa na mtoto ambaye hata hamkuwahi kumwona, msiishie uani. Ingieni, mketi, mle pamoja na mama yake.